Pikipiki za theluji pembezoni mwa Yellowstone: West Yellowstone, Island Park na Cooke City

Kwenye ramani ya Marekani, West Yellowstone na Cooke City, miji miwili ya jimbo la Montana, ni majirani. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 100 tu. Lakini barabara nyingi za ndani ya Hifadhi ya Yellowstone zikishafungiwa magari kwa ajili ya majira ya baridi, dereva analazimika kuzunguka kupitia Bozeman, Livingston na Gardiner, na safari inafika kama kilomita 360. Wako wanaokodi chumba mji mmoja wakidhani kesho yake wataendesha upande wa pili. Hilo ni kosa dogo, linakula siku moja na mafuta ya gari. Kosa kubwa ni kudhani kwamba pikipiki ya theluji (snowmobile, yenye skii za kuteleza mbele na mkanda mpana unaozunguka chini) na ujuzi uliokutosha West Yellowstone vitakutosha Cooke City. Michezo hiyo ni miwili tofauti, na Island Park, upande wa jimbo la Idaho, iko katikati yake kwa ugumu.

Haya yanawahusu hasa ndugu walioko Missoula, Boise na Salt Lake City, ambako Kiswahili cha Kongo kinasikika siku hizi madukani na makanisani, na ambako jirani hupakia pikipiki zake kwenye trela kila Ijumaa jioni. Siku atakapokukaribisha twende, ni vizuri ujue unakaribishwa wapi.

West Yellowstone: pa kuanzia

Mji uko mita 2,032 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi kwa zaidi ya mita 200. Baridi yake haina utani. Kituo cha Riverside, karibu na lango la magharibi la hifadhi, kilipima nyuzi 54 za selsiasi chini ya sifuri tarehe 9 Februari 1933. Siku za kawaida si kali hivyo, lakini asubuhi ya nyuzi 25 chini ya sifuri haimshtui mwenyeji.

Uzuri wake ni kwamba pikipiki za theluji zinaruhusiwa kwenye mitaa ya mji. Unatoka hotelini, unajaza mafuta kituo kilekile wanachojaza magari, na baada ya dakika chache uko msituni. Leseni ya udereva iwe mfukoni, na alama za barabarani zinakuhusu kama gari lolote.

Njia za hapa husawazishwa usiku na greda la theluji, mashine kubwa inayoburuta sahani ndefu ya kukata matuta na kushindilia. Theluji iliyotoka kushindiliwa inahitaji saa kadhaa za baridi ili igande. Ndiyo maana njia bora kabisa ni ya saa mbili asubuhi, na mbaya kabisa ni ya saa tisa alasiri siku ya Jumamosi, wakati mamia ya pikipiki yameshachimba matuta yanayofanana na yale ya barabarani kwetu, isipokuwa haya hayana mwisho. Mgongo unaolalamika Jumamosi jioni ungenyamaza kama ungeendesha Jumanne. Ukikutana na greda usiku, punguza mwendo, kaa kulia, na usipite mpaka dereva wake akuone.

Kwa siku ya kwanza, Horse Butte karibu na ziwa Hebgen inatosha: tambarare, mapana, hakuna kona za kushtukiza. Siku ya pili nenda Two Top, mzunguko wa kama kilomita 55 unaopanda mpaka kwenye mgongo wa mpaka wa Montana na Idaho. Huko juu upepo na ukungu huipaka miti barafu mpaka inageuka minara meupe isiyo na matawi. Watu huenda kwa ajili ya miti hiyo, na ni haki yao. Ila mawingu yakishuka, ardhi na anga vinakuwa rangi moja na hujui kama mbele yako ni mteremko au ukuta. Fuata fito za alama, moja hadi nyingine. Usipoiona inayofuata, simama ukiwa bado unaiona ya nyuma.

Njia zilizosawazishwa za Montana zinahitaji kibali cha majira ya baridi kinachobandikwa kwenye pikipiki, na Idaho ina stika yake. Ukivuka mpaka bila ya upande wa pili, uko kwenye makosa, hata kama hukuona bango. Ukikodi, uliza kabla ya kuondoka: stika hii inanifikisha wapi?

Ndani ya hifadhi

Kutoka lango la magharibi hadi Madison ni maili 14, na kutoka Madison hadi Old Faithful maili 16. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 97. Kasi ya juu ni maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56, na kutoka nje ya barabara ni marufuku kabisa, hata mita moja kwa ajili ya picha. Msimu ni kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi.

Huwezi kujiendea tu. Wengi huenda na kiongozi wa kampuni iliyoidhinishwa. Njia nyingine ni bahati nasibu ya vikundi visivyo na kiongozi wa kulipwa, iliyoanza msimu wa 2014: kila lango kikundi kimoja kwa siku, pikipiki zisizozidi tano, maombi mwezi wa Septemba. Kiongozi wa kikundi awe na miaka 18 au zaidi, na kila dereva awe na leseni na awe amepasi kozi fupi ya mtandaoni. Pikipiki nazo lazima ziwe kwenye orodha ya hifadhi ya zisizo na kelele na moshi mwingi. Karibu zote ni za injini ya mipigo minne. Ile ya mlimani ya mipigo miwili, inayonguruma na kutoa harufu ya oili, hairuhusiwi kupita langoni.

Nyati wa Marekani hupenda barabara iliyosawazishwa kwa sababu ileile unayoipenda wewe: hawazami. Ukiwakuta, simama angalau mita 23 kutoka kwao, na usubiri. Usiwasukume kwa nyuma. Nyati anayekimbizwa katika baridi hiyo anateketeza mafuta ya mwili anayoyahitaji kufikia Aprili.

Island Park: pana na rahisi, kasoro maji

Ukishuka upande wa Idaho unakutana na mji wa ajabu: nyumba zimejipanga kandokando ya barabara kuu namba 20 kwa zaidi ya kilomita 50. Mji ulisajiliwa hivyo mwaka 1947 kwa sababu sheria ya wakati huo iliruhusu vilabu kuuza pombe ndani ya mipaka ya mji tu, basi wenye vilabu wakauvuta mpaka ukawafikia wote. Matokeo yake ni mazuri kwetu: mafuta na chakula havipo mbali popote ulipo.

Njia zilizosawazishwa za wilaya hii zinafikia mamia ya maili. Ile ya Mesa Falls inafuata barabara ya kiangazi iliyofungwa na theluji, haina makali, na inakufikisha kwenye maporomoko ya maji yenye kimo cha kama mita 35. Familia yenye watoto iende huko. Mount Jefferson, wenye mita 3,110, ni habari nyingine: hapo ni mlimani, na yote nitakayosema kuhusu Cooke City yanauhusu.

Hatari ya Island Park ni maji. Chemchemi ya Big Springs hutoa maji ya nyuzi kama 11 mwaka mzima, kwa hiyo mto Henrys Fork chini yake haugandi, na barafu ya pembeni ni nyembamba hata kama theluji juu yake ni nene. Theluji hiyo ndiyo inayodanganya, kwa sababu inaifunika barafu kama blanketi na kuizuia isinenepe. Kwenye maziwa, kaa mbali na sehemu vijito vinapoingia au kutoka.

Mashine: kwa nini moja haifanyi kazi zote

Pikipiki ya njiani ina mkanda wa chini wenye urefu wa inchi 129 au 137 na meno ya kama inchi moja na robo. Ya mlimani ina mkanda wa inchi 154 hadi 165, wakati mwingine zaidi, na meno ya inchi mbili na nusu hadi tatu. Mkanda mrefu unasambaza uzito ili usizame, na meno marefu yanachota theluji laini kama kasia. Ukipeleka ya njiani kwenye theluji ya unga yenye kina cha mita, itajizika kabla hujafika popote. Ukipeleka ya mlimani kwenye njia ngumu, inakuwa nzito kukata kona na injini inachemka.

Kuchemka kwenyewe kunaeleweka ukijua mfumo. Pikipiki nyingi za mlimani hazina rejeta ya feni kama ya gari. Maji ya injini hupita kwenye mabomba bapa chini ya kiti, na theluji inayorushwa na mkanda ndiyo inayoyapoza. Njia ikiwa ngumu kama saruji, hakuna kinachorushwa. Theluji hiyohiyo hulainisha reli za plastiki ambazo mkanda unateleza juu yake. Zikikauka zinayeyuka, na utasikia harufu ya plastiki kabla taa ya onyo haijawaka. Dawa yake ni vikwaruzo, vyuma viwili vya springi vinavyoburuzwa kandokando ya reli na kurusha vumbi la barafu ndani. Vishushe kwenye njia ngumu. Aina nyingi huvunjika ukirudi nyuma navyo vikiwa chini, kwa hiyo vipandishe kwanza. Huna vikwaruzo? Kila baada ya dakika chache toka pembeni kwenye theluji laini kwa mita hamsini, kisha rudi njiani.

Mwinuko nao unakula nguvu. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) hupoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300, kwa hiyo kwenye mita 3,000 karibu theluthi ya nguvu uliyolipia haipo. Ndiyo sababu viwanda vilianza kuuza pikipiki za mlimani zenye tabo, na kwa injini za mipigo miwili Ski-Doo walitangulia na toleo la mwaka 2020. Anayejifunza haihitaji. Nguvu za ziada kwa mgeni zinampeleka haraka mahali ambapo hawezi kutoka.

Kinachokufa mara nyingi ni beliti, ule mkanda mdogo unaounganisha puli ya injini na puli ya nyuma. Inaungua pale unapopiga resi huku mkanda wa chini umekwama, kwa sababu puli ya mbele inazunguka na beliti haiendi. Inakatika pia ukiikimbiza ikiwa bado ya baridi: acha injini ipate joto, kisha endesha taratibu kilomita mbili tatu za mwanzo. Kuibadilisha ni kazi ya dakika tano ukishajifunza nyumbani, na nusu saa ya mateso ukijifunzia kwenye upepo. Zima injini, fungua kifuniko cha pembeni, tumia kifaa kilicho kwenye vyombo vya pikipiki kutanua puli ya nyuma, vua kilichobaki, ingiza mpya ukizingatia mshale wa mwelekeo. Kabla ya kufunga, toa nyuzi zote za beliti ya zamani, hasa zilizojizungusha nyuma ya puli. Uzi mmoja ukibaki, beliti mpya itaifuata ya kwanza.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Kwenye unga mzito pikipiki hunywa karibu mara mbili ya kwenye njia, kwa hiyo hesabu ya jana ya Island Park isikudanganye kesho.

Cooke City

Wakati wa baridi gari linafika Cooke City kwa njia moja tu: kutoka Gardiner, kupitia upande wa kaskazini wa hifadhi, kama kilomita 90. Upande wa mashariki barabara haifagiliwi theluji na inageuka njia ya pikipiki. Mji uko kwenye mita 2,300 hivi, na Daisy Pass na Lulu Pass ziko juu yake. Theluji ni nyingi na inakawia mpaka majani yameshaota mabondeni. Ukiwa na pikipiki ya mlimani, hapa ndipo mahali penyewe. Ukiwa na ya kukodi ya njiani, kaa kwenye njia, unywe kahawa, utazame wenzio.

Mipaka ni mikali. Pembeni kuna msitu wa Absaroka-Beartooth, uliotengwa mwaka 1978 kuwa pori lisilo na injini, na theluji haina uzio. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, maana mtandao hukatika mara tu unapouacha mji, na uweke simu mfuko wa ndani karibu na mwili ili betri isife kwa baridi. Kifaa cha ujumbe wa satelaiti kibebwe na angalau mtu mmoja kwenye kundi.

Utakwama. Hata mabingwa hukwama. Tofauti ni kwamba bingwa huachia mafuta sekunde ile pikipiki inapoacha kusonga mbele, na mgeni huongeza. Sekunde mbili za kuongeza zinachimba shimo la dakika ishirini za kuchimbua. Basi achia, zima, shuka upande wa juu wa mteremko. Angalia mteremko unaelekea wapi, kwa sababu pikipiki itatoka kuelekea chini, si pale unapotamani. Chimba theluji iliyobana chini ya tumbo, nyuma ya skii, maana hiyo ndiyo inayoibeba juu na kuunyima mkanda uzito. Chimba pia chini ya sehemu za kukanyagia. Kisha kanyaga kwa miguu njia ya mita mbili au tatu mbele ya skii na uiache itulie kidogo. Mwenzio avute kamba ya skii akiwa pembeni, asisimame mbele. Wewe simama ubavuni, toa mafuta kidogo mpaka mkanda ushike, na usiongeze mpaka itembee. Nyuma asiwepo mtu. Mkanda hurusha vipande vya barafu kama mawe. Ukitokwa na jasho, fungua zipu mapema. Jasho la saa nne asubuhi ndilo linalokutetemesha saa kumi jioni, na fulana ya pamba ikishaloa haikauki tena siku hiyo.

Maporomoko ya theluji

Cooke City imeua waendesha pikipiki wengi, na karibu kila mara chanzo ni kilekile: mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, tabaka dhaifu chini, na mtu juu yake. Katika milima hii theluji ya mwanzo wa msimu ikiwa chache na baridi ikiwa kali, chembe zake hugeuka punje kama sukari zisizoshikana. Theluji ya Januari inalala juu yake kama shuka la saruji juu ya gololi. Miezi inapita, tabaka bado lipo. Ukisikia ardhi ikiguna na kushuka chini yako, au ukiona ufa ukikimbia mbele ya skii, mlima umeshakujibu. Ondoka kwenye miteremko yote ya aina hiyo, na pia chini yake, kwa sababu poromoko linaweza kuanzishwa na mtu aliye tambarare.

Kituo cha Gallatin National Forest Avalanche Center kilichoko Bozeman hutoa tahadhari kila asubuhi, kwa ngazi moja hadi tano. Wengi hupuuza ngazi ya tatu kwa sababu iko katikati. Katikati si salama: maana yake binadamu anaweza kabisa kuuangusha mteremko.

Kila mtu avae mwilini, si kwenye pikipiki, redio ya kutafutia aliyefukiwa. Zote hutumia mawimbi ya kilohertz 457, kwa hiyo za kampuni tofauti zinasikilizana. Mgongoni awe na ufito wa kukunja wa kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa, wa kuanzia mita 2.4, na beleshi la chuma. La plastiki huvunjika, kwa sababu theluji ya poromoko ikishasimama inakuwa ngumu papo hapo. Simu na glovu za umeme huvuruga redio, kwa hiyo wakati wa kutafuta ziweke mbali kwa nusu mita. Anayetolewa ndani ya dakika kumi na kitu ana nafasi nzuri ya kuishi. Baada ya hapo nafasi hiyo inaporomoka, na hakuna helikopta itakayofika kabla. Mwokozi wako ni yule mliyekuja naye, na kama hajafanya mazoezi ya kutafuta kifaa kilichofukiwa uani, redio yake ni pambo.

Mlimani anapanda mtu mmoja kwa wakati. Wengine wasubiri mahali ambapo poromoko haliwezi kufika, wakimtazama, pikipiki zikielekezwa upande wa kutokea. Akikwama katikati ya mteremko, mwacheni ajichimbue mwenyewe. Hapo ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema: rafiki anapanda kumsaidia, uzito unakuwa wa pikipiki mbili, na mlima unaachia.

Jioni

Ukirudi, usiiache pikipiki ikae kwenye theluji iliyolowa. Mkanda utagandiana na ardhi, na ukilazimisha kwa mafuta asubuhi unaweza kukata beliti. Iegeshe juu ya mbao mbili, skii ubao mmoja, mkanda mwingine. Pangusa barafu iliyoganda kwenye reli kabla haijawa jiwe. Jaza tangi usiku huohuo, kwa sababu nafasi tupu ndani yake huvuta unyevu, na tone moja la maji likiganda kwenye bomba la mafuta linatosha kuua safari. Asubuhi, kabla ya kuwasha, bonyeza kibonyezo cha mafuta mara mbili na uone kama kinarudi chenyewe. Kikikwama chini, usiwashe mpaka barafu itoke. Kisha mnyanyue nyuma mkiwa wawili, mkiachie kitako chake kianguke juu ya mbao, mpaka msikie mkanda ukiachana na barafu.